Neno Lililomkimbiza Tandala

Nyumbani kwangu kuna kosa moja ambalo silivumilii: mtu kuitwa akanyamaza. Vunja sahani, unguza ugali, poteza kisu changu cha bucha, hayo tutayaongea. Lakini nikikuita ukauchuna, nikakuita tena ukauchuna, hapo ndipo utanijua mimi ni nani. "Ukiitwa unaitika!" Majirani zangu hapa Ihumwa wameisikia kauli hiyo mpaka watoto wao huiigiza wakicheza baba na mama. Mke wangu husema sauti yangu inafika relini, na ipo siku treni itaitika.

Nimeanza na hilo kwa sababu nataka kumsimulia baba mkwe wangu, mzee ambaye kwa miaka chungu nzima hakuniita hata mara moja.

Sisemi kwamba tulikuwa na ugomvi. Ningejua ugomvi wetu ni upi, ningepumua. Nilikuwa nikifika kwake, kule mbele ya Haneti ukiingia upande wa Chemba, nimebeba mguu wa ng'ombe na sukari, nasimama mbali kidogo na mlango kama adabu inavyotaka, nasema, "Shikamoo mzee." Naye anageuza uso, anamtazama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

"Wewe mbuzi," anasema, "mwambie huyo bwana marahaba. Muulize watoto hawajambo?"

Na mimi ningefanya nini? Nilikuwa namwambia mbuzi kwamba watoto hawajambo.

Mbuzi asipokuwapo, alitumwa kuku. Kuku akikimbia, mlango. Siku moja nilikuta ua mtupu kabisa, nikajisemea leo kazi anayo, leo ataniongelesha mwenyewe. Thubutu! Aliokota kandambili yake iliyotengenezwa kwa tairi, akaiweka mbele yetu, akaisemesha hiyo.

Mimi ni Mgogo, na sisi pia mkwe tunamheshimu. Hukai naye kigoda kimoja, humwangalii usoni ukitafuna. Wao ni Wasandawe, na najua wana heshima zao. Lakini kupitisha marahaba kwa mbuzi sikuwahi kuona, na mpaka leo sijui kama ni mila ya kwao au ilikuwa mila ya yule mzee peke yake. Binti alikuwa naye mmoja tu, ndiye niliyemwoa, kwa hiyo sikuwa na mkwe mwenzangu wa kumuuliza kama na yeye anaongeleshwa na mlango. Alikuwa pia na mtoto wa kiume, ambaye aliondoka zamani kabla sijaingia katika familia ile. Habari zake hazikuzungumzwa. Nilijaribu kuuliza mwanzoni, mke wangu akanikata jicho, nikaacha.

"Ni heshima," mke wangu alikuwa akinituliza tukiwa njiani kurudi. "Baba anakuheshimu."

"Ananidharau."

"Angekudharau angekusema. Wewe humjui baba alivyokuwa na mdomo."

"Basi anipe huo mdomo! Anitukane, nijue nina baba mkwe!"

Mke wangu alicheka, lakini mimi nilikuwa nimeumia kweli. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa bado kijana, na nilipooa nilidhani nimepata mwingine. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kabla yule mzee hajafumba macho, aniite kwa kinywa chake, mimi na yeye, bila mbuzi katikati.

Basi binti yangu wa kwanza akamaliza chuo pale Chimwaga, akapata mchumba, harusi ikapangwa mwezi wa kumi na mbili. Kwa yule mzee mjukuu haondoki nyumbani kimyakimya. Babu hupuliza baragumu, ile pembe ya tandala dume, mlangoni, ili waliolala chini na walio hai wajue kwamba mtoto wao anatoka. Alimpulizia mke wangu nilipokuja kumchukua, na nakumbuka nywele zilinisimama. Sauti ile ilikuwa nene, inaingia kifuani kabla ya kuingia masikioni. Lakini baragumu lile lilikuwa limeanguka kutoka darini, mbuzi wakalikanyaga, likapasuka kuanzia mdomoni hadi katikati.

Mwezi wa tisa nikaenda kumpelekea habari za harusi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mbuzi.

"Wewe mbuzi, muulize huyo bwana kama bunduki ya marehemu baba yake bado inalia."

"Mwambie inalia," nikasema. "Na vibali vyake vipo."

"Mwambie basi atafute leseni ya tandala dume. Mmoja. Mzee, pembe zimejikunja mpaka mwisho. Tutakwenda mimi na yeye."

Mimi na yeye! Nilirudi Ihumwa nikiimba. Nilijua porini hakuna mbuzi wa kufugwa, hakuna kuku, hakuna mlango. Nilijua huyu mzee nimempata.

Mke wangu alishangaa kwa nini baba yake amengoja mpaka mwisho wa kiangazi, wakati miezi ya baridi tandala huonekana makundi kwa makundi. Mimi nilijua, kwa sababu mzee alikwisha kumweleza mbuzi. Miezi ile madume yapo na wake zao. Yanapigana, yanachumbia, hayali, hayalali. Dume la namna hiyo yeye haligusi, hata lije kusimama mlangoni. Unangoja mambo yale yaishe, majike yaende zao na mimba zao, dume libaki peke yake kichakani, limekonda. Hapo limekwisha kuacha watoto, na wewe unaweza kulichukua bila kumdhulumu mtu. Mimi kama muuza nyama nilikuwa na la kusema. Nyama ya dume lililotoka kwenye uchumba ni kamba tupu, hata fisi anaomba radhi kabla ya kula. Lakini safari ile hatukufuata nyama.

Leseni ikapatikana. Nikafunga bucha, nikampa mke wangu funguo, nikaondoka.

Tulitoka kwa mzee alfajiri, yeye mbele, mimi nyuma na bunduki begani. Alikuwa mwembamba, shingo imejaa mishipa, kibuyu cha maji kimening'inia ubavuni, na mkononi ana kimfuko cha kitambaa chenye majivu. Kila baada ya mwendo alikibonyeza, majivu yakatoka kidogo, tukaona upepo unaelekea wapi. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Majani yalivunjika chini ya viatu vyangu kama bisi zinazokaangwa, na sikuwa nimefika mbali nikasikia sauti yake.

"Wewe mgunga," aliuambia mti tuliokuwa tunaupita, "mwambie huyo bwana aliye nyuma yangu hapa si mnadani. Avue viatu."

Jamani! Nilikuwa nimesahau kwamba pori limejaa miti.

Nilivua viatu. Nikachomwa na miba ambayo sikuwahi kuijua, na kila nilipofungua mdomo kulalamika, mgunga mwingine ukaambiwa uniambie ninyamaze. Ilipofika saa nne nilikuwa nimesemeshwa na miti, mawe, kisiki, na mfupa mkavu wa nyumbu. Hasira zilinipanda, halafu zikashuka, halafu kicheko kikanibana nikauma mkono wa shati. Mzee akageuka kidogo. Nadhani na yeye alikuwa anacheka, ila mabega yake tu ndiyo yaliyonionyesha.

Jua lilipokuwa kali tukapumzika kwenye kivuli chembamba. Mke wangu alikuwa ametufungia ugali wa mtama, mlenda na karanga za kukaanga, vyote kwenye hotpoti moja, kama vile hajui mila za baba yake. Mzee akaitazama hotpoti, akanitazama miguu, akakaa akinipa mgongo. Nami nikakaa nikimpa mgongo. Tukaiweka hotpoti pembeni yetu, kila mtu akanyoosha mkono kwa zamu bila kutazama. Migongo yetu iliegemeana, na mgongo wake ulikuwa wa moto na mifupa mitupu. Tangu nioe sikuwa nimemkaribia kiasi kile. Nilikula polepole kwa makusudi. Nilipomaliza sikutaka kuondoka.

Alasiri ndipo tukapata nyayo. Mzee alichuchumaa akagusa kinyesi, akakivunja, bado kilikuwa na unyevu ndani. Tukatambaa mpaka kwenye kichuguu chenye kichaka cha mkole ubavuni, na mbele yake palikuwa na korongo lililobaki na kijani kidogo. Nikakaa chini, mguu mmoja nimeukunja, mwingine nimeunyoosha ndani ya kivuli cha kichaka. Mzee akakaa nyuma yangu, pembeni kidogo.

Tukangoja. Inzi wakanila. Nikaanza kuwaza mkopo gani wa damu ninaoulipa kwa ajili ya harusi hii, na mara dume likatokea.

Nimewahi kuchinja ng'ombe wengi, sishangazwi na mnyama. Huyu alinishangaza. Alitoka kati ya vichaka bila sauti, na mwili ule wote. Shingo ilikuwa imekonda, mbavu zinahesabika, sikio moja limechanika, na begani ana kovu bichi la ugomvi. Alitembea kama mtu anayerudi kutoka msibani. Lakini pembe zake, Mungu wangu, zilipanda, zikajipinda, zikapinda tena, na ncha zake zilikuwa nyeupe. Nilisikia tayari sauti ya baragumu kifuani mwangu. Nilimwona binti yangu mlangoni na shela lake.

Nikainua bunduki. Akasimama, akageuza ubavu, akaanza kuchuma majani. Nilivyokaa sikuweza kumlenga vizuri. Nilihitaji kupiga goti, basi tu, nivute ule mguu niliounyoosha na kuinuka kidogo.

Nyuma yangu nikasikia mnong'ono. "Wewe kichuguu, mwambie hu..."

Ukakatika. Halafu sauti yake ikapasuka, ya juu, ya ukali, ukali ambao sikujua kama anao.

"Mwanangu! Mguu usiuinue!"

Niliganda. Tandala akabweka, ule mbweko wao kama mbwa mkubwa mwenye mafua, akageuka na pembe zake zikavunja matawi. Nilisikia akiliparamia korongo, halafu upande wa pili, halafu kimya. Sikugeuza hata shingo. Niliinamisha macho peke yake, na hapo kando ya kisigino changu, amejikunja kwenye majani makavu, rangi ileile ya majani, nilimwona kifutu mnene kama mkono wangu. Alikuwa ameinua kichwa. Ningevuta mguu, ningemvuta na yeye.

Mzee aliinuka. Alikuja taratibu, akatanguliza fimbo yake, akamgusa nyoka kwenye shingo, akambana, akamzungusha, akamtupa mbali chini ya kichuguu. Nyoka akaondoka zake kwa uvivu, bila haraka, kama mwenye nyumba. Ndipo mzee akakaa chini kwa kishindo.

Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nilitaka kumkumbatia. Ameniita! Pori zima limesikia! Nilimgeukia, lakini alikuwa amekwisha kutazama kwingine, na kibuyu kiko mapajani.

"Wewe kibuyu," akasema, akihema, "mwambie huyo bwana tandala amekwenda zake."

Loh. Nikatamani kukirusha kile kibuyu. Lakini kitu kikanituma nifuate njia yake.

"Wewe kibuyu," nikasema, "muulize mzee. Kwa nini haniongeleshi? Nilimkosea nini?"

Mzee alikiinua kibuyu. Akanywa maji kidogo, akafuta mdomo, akaweka kibuyu kati yetu. Alipoanza kusema alikuwa anaongea na kile kibuyu kweli, macho ameyakazia pale pale.

"Mwambie hajakosa. Mwambie mimi nilikuwa na mtoto wa kiume, na nilikuwa na ulimi. Nilimsema asubuhi, nikamsema jioni. Kila alichoshika nilikuta kasoro. Siku moja akafunga mzigo wake, akapita hapo mlangoni, wala hakuaga. Mpaka leo sijui kama ana watoto." Akakiinua kibuyu, akakirudisha. "Huyu alipokuja kuoa, nikajiambia, huyu nimepewa, sikumzaa. Huyu ulimi wangu haumgusi. Maneno yapite kwa mbuzi kwanza, yapoe. Mwambie kama ilimuuma, basi iliniuma na mimi."

Mimi, mwenye mdomo unaofika relini, nilikaa pale nimefumbwa. Niliwafikiria watoto wangu, na zile kelele zangu, na jinsi mwanangu wa pili siku hizi anavyoingia nyumbani kwa mlango wa uani.

"Tumfuate?" nikauliza baadaye, nikionyesha kule alikoelekea tandala. "Bado jua lipo. Amechoka, hatafika mbali."

Mzee alitazama lile korongo. Nilijua anaitaka ile pembe kuliko alivyotaka chakula.

"Kibuyu, mwambie tumwache. Amesikia siri ya nyumba ya watu. Huyo sasa ni shahidi, hapigwi."

Na mabega yake yakaanza tena kutikisika, safari hii nami nikacheka naye mpaka mbavu zikaniuma, wawili tuliokosa kila kitu, tumekaa juu ya kichuguu, hatutazamani.

Harusi ikafika. Mzee alilichukua lile baragumu lililopasuka, akalifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akaziba nyufa kwa nta ya nyuki. Binti yangu aliposimama mlangoni, akapuliza. Jamani, sauti ile! Ilikuwa ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Wageni kutoka mjini wakaangua kicheko, bwana harusi akajikaza, vijana wakatoa simu zao kurekodi. Mzee hakujali. Akajaza kifua tena, akapuliza, mpaka ilipotoka mara moja, fupi, ile sauti nene ya zamani. Binti yangu akalia hapo hapo. Mke wangu naye. Mimi nilikuwa nimemsogelea mzee kwa nyuma, nimempa mgongo wangu aegemee, maana alikuwa anayumba.

Baada ya hapo tuliendelea kama zamani. Nilikuwa nikifika nasema shikamoo, mbuzi anatumwa na marahaba. Ila sasa nilikuwa naongea na mbuzi yule mpaka jua linazama, na mke wangu akawa analalamika kwamba tunachelewa kurudi. Nyumbani nako nilijaribu kujifunza. Nikiwaka, nayatazama meko au mzani wa bucha, nauambia kwanza mambo yangu. Watoto walidhani nimerukwa na akili. Lakini mwanangu wa pili ameanza tena kupita mlango wa mbele, na juzi alikuja mwenyewe akauambia mzani kwamba anataka kujifunza kukata nyama.

Mzee aliondoka mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipogusa vumbi. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Tukamzika nyuma ya nyumba yake, karibu na mgunga mchanga aliokataza usikatwe. Yule mtoto wake wa kiume hakuja. Labda habari hazikumfikia.

Watu walipotawanyika nikabaki. Mke wangu alikuwa anaaga majirani, anasema na mashangazi zake kwa lugha yao, ile ya kugonga ulimi kwenye kaakaa. Nikasimama mbele ya udongo ule mbichi, na nilijua sasa hakuna kinachonizuia. Hakuna mila tena, hakuna wa kugeuza uso. Naweza kumsemesha moja kwa moja, mimi na yeye, kama nilivyotaka miaka yote.

Na hapo ndipo likaniingia. Siku ile kwenye kichuguu aliniita. Mara moja katika maisha yake aliniita, na mimi, baba wa "ukiitwa unaitika", niliganda na nyoka, kisha nikacheka, kisha nikauliza maswali, kisha nikarudi zangu Ihumwa. Sikuitika. Siku zote zile baadaye nikaongea na mbuzi wake habari za mvua, za bei ya ng'ombe na za wajukuu, na sikuitika.

Nilifungua mdomo niseme, ukakataa. Ilikuwa kama nakosa adabu. Basi nikaugeukia ule mgunga, nikashika tawi lake pasipo na miba.

"Wewe mti," nikasema. "Mwambie mzee aliyelala hapo..."

Nikasikia nyayo za mke wangu zimesimama nyuma yangu.

"Mwambie, naam, baba."